Mita ya Saba

Kabla ya kuingia chumbani navua bangili,
hereni, pini za ushungi, hata saa.
Chuma chochote kinapotosha.
Kisu changu ni cha shaba, hakijawahi kukata kitunguu.

Vidole hivi vilizoea mafuta ya korosho:
miaka sita ya kubangua, ncha zimeungua
mpaka benki mashine yao ilikataa kuniamini.
Sasa nakata tope la bahari
lililochimbwa mbele ya Msimbati, kina kisikofika mwanga,
likaletwa Shangani ndani ya mabomba
kama mua mrefu uliokatwa vipingili.

Sentimita mbili. Sentimita mbili.
Mna chembe za sumaku humu, ndogo kuliko vumbi la unga.
Zilibanduka kwenye majabali ya Masasi,
Ruvuma ikazibeba, ikachoka, ikazitema,
zikashuka polepole, na zilipogusa kitako cha bahari
zikajilaza kama maiti wetu, nyuso kibla,
vichwa vimeinuka kidogo, kwani ndivyo dunia inavyovuta
huku kwetu chini ya ikweta.

Bwana Chilumba anasoma kwenye mashine:
kaskazini, kaskazini, kaskazini,
kama karani akiita majina ya wapigakura.

Kisha mita ya saba.
Mchanga mzito chini, mwepesi juu,
makombe yaliyopondwa,
na mashine ikaanza kuropoka:
mashariki, chini, kusini, juu, magharibi.
"Hapa paliporomoka," akasema. "Tetemeko.
Ule ufa ambao Bukini iliufuata
ilipotuaga ikaenda zake kusini, haujalala bado.
Ukijigeuza ubavu, mteremko mzima unashuka
usiku mmoja. Au mchana. Nani alikuwepo?
Haisomeki hii. Ruka."

Ruka.

Bibi yangu alivuka Ruvuma na sufuria kichwani,
mtoto mgongoni, na mwingine ambaye hakufika.
Kule Nangade aliitwa Rozalina. Huku Mikindani
akaolewa, akatamka shahada, akaitwa Somoe,
na hakuna aliyemuuliza yaliyo katikati.
Alilala kichwa kusini. Tulikuwa wadogo, tukamcheka:
Bibi, kitanda chako kimekaa upogo.
"Kitanda kimekaa," akasema. "Nyumba ndiyo upogo."

Mita ya tisa, tope linanuka yai viza.
Gesi ilipanda kwenye nyufa, salfa ikaingia,
chuma cha zamani kikaliwa, kikazaliwa kingine
palepale, ndani ya ngozi ya tope lilelile,
nacho kinaonyesha kaskazini vizuri sana,
ila si kaskazini ya siku kiliposhuka.
Ni ya siku kilipogeuka.
Bwana Chilumba akaguna: "Hiki kinadanganya umri."
Nikasema, hakidanganyi. Kimeulizwa vibaya.
Akanitazama kama aliyesikia kiti kikijibu,
kisha akarudi kwenye namba zake.

Tulimzika Bibi mwaka wa mvua kubwa.
Wakamgeuza ubavu wa kulia, uso kibla, sawasawa.
Nilisimama pale juu ya udongo mwekundu
nikiwaza yule mwingine, yule wa mtoni,
alilazwa kuelekea wapi.

Jioni nanawa mikono, navaa bangili zangu.
Daftari la Bwana Chilumba lina pengo jeupe
kuanzia sita nukta tisini na nne hadi saba na nusu.
Langu mimi, la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
nimeandika pale pale kwa penseli:

makombe. mchanga mweusi. kombe dogo, zima.
kipande kimoja magharibi. kimoja chini.
kimoja, sijui kwa nini, kibla.